Kahawa ya Asali ya Mama Carol

Kila aliyeketi kwenye benchi la Mutheu aliulizwa maswali kabla ya kupewa kikombe. Umelala vizuri? Tumbo limetulia? Unatoka kazini au unaelekea kortini? Mgeni alidhani amekutana na mama asiye na adabu. Wenyeji wa Machakos walijua kwamba anapimwa, kama fundi wa nguo anavyokupima mabega kabla ya kukata kitambaa, kwa sababu Mutheu hakuamini kwamba watu wawili wanaweza kufaidi kahawa ya aina moja.

Dereva wa lori la mchanga, aliyekuwa akisinzia kwenye usukani, alitengenezewa kahawa nyeusi yenye tangawizi, pilipili manga na chembe ya chumvi. Karani wa korti, ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kula asubuhi, alipewa ya maziwa iliyokorogwa na unga wa njugu karanga. Mwalimu aliyepotewa na sauti aliwekewa mchaichai na ganda la limau. Kila kinywaji kilichukua jina la mtu wa kwanza kukinywa, hata ikawa kawaida kumsikia mpita njia kutoka Nairobi akiagiza, bila kujua anamtaja nani, "Nipe Karani mmoja, asiwe moto sana."

Wala Mutheu hakuwa na siri. Akikuwekea kikombe mbele yako alikutajia kilichomo, kitu baada ya kitu, na kama ulitaka kwenda kujitengenezea nyumbani alikueleza kiasi na moto. Aliona kwamba vitu hivyo Mungu aliviweka mahali pa wazi, na yeye hakupewa ruhusa ya kuvifungia.

Mumewe, Justus, hakuona hivyo. Miaka mingi alikuwa amepima matunda ya kahawa ya wakulima katika kiwanda cha ushirika, bila kujua kahawa iliyokaangwa inanukaje, maana nyumbani kwao kilichonywewa ni chai. Kiwanda kilipofungwa mwaka ule wa mvua za El Niño, alirudi nyumbani, akaja kumenya tangawizi barazani kwa mkewe, na waliokuwa wakimwita Karani wa Mizani sasa walimwita Bwana Tangawizi. Aliitika, ila kisu kilizidi kasi mkononi.

"Unawafundisha watu wasirudi," alimwambia mkewe.

"Si wanarudi?"

Justus alichukua tangawizi nyingine. Walikuwa wakirudi, na ndio waliomweka binti yao Carol shuleni.

Baraza lenyewe lilikuwa la duka la vitambaa la Sahra, mke wa Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo. Hawakumtoza Mutheu kodi. Sahra alisema duka lenye harufu ya kahawa mlangoni halihitaji kibao. Na Abdiwahid, kila alipotoka msikitini kwa sala ya alasiri, aliketi pale na wenzake na kuagiza kinywaji kimoja tu, kile ambacho kila mtu mjini alikuwa akikizungumzia wakati huo: kahawa ya asali.

Mutheu aliitengeneza hivi. Alichemsha maji na maganda ya machungwa na iliki, akayaacha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, akayachanganya na asali nzito ya Masinga, kisha akaumimina mchanganyiko huo ndani ya kibuyu na kukiweka karibu na jiko, asali isije ikaganda. Kijiko kimoja kwa kikombe cha kahawa. Kibuyu kilikuwa cha marehemu baba mkwe. Justus alikuja nacho kutoka kwao kijijini Kivaa ndugu zake walipogawana vyombo vya mzee. Mwanzoni kahawa ile ilikuwa tamu tu. Lakini baada ya muda ikapata jambo jingine, ukali mdogo uliokuja mwishoni, baada ya kumeza, kama mtu anayekugusa bega akipita. Mutheu aliuonja, akamshukuru Mungu, akasema ni maganda ya machungwa.

*

Aliyeanzisha maneno ni Kasiva, kiongozi wa akina mama kanisani. Alifika barazani alasiri moja mabenchi yamejaa, na hakuketi. Alisema alikuwa ametengeneza ile kahawa ya asali kwa wageni wa kanisa, kama alivyofundishwa, neno kwa neno, na wageni wakainywa kama dawa ya kikohozi. Akajaribu tena, na binti yake akajaribu. Haikuwa ile.

"Pengine ulichemsha asali," Mutheu alisema.

"Sikuchemsha. Uliniambia nisichemshe."

"Pengine maji yalikuwa ya baridi."

Kasiva alitabasamu, akawatazama waliokaa, ili wajue kwamba anaongea na wao pia. "Mama Carol, mimi nakuuliza kwa upendo. Kuna kimoja ulisahau kuniambia, ama uliamua kusahau?"

Mwanamume mmoja mwishoni mwa benchi alicheka ndani ya kikombe chake. Mwingine akasema mke wake naye amelalamika hivyo hivyo, kwamba mama huyu anakupa mlango halafu anabaki na ufunguo. Mutheu alijitetea, akavitaja vyote tena kwa sauti, maji, ganda, iliki, asali, lakini kadiri alivyozidi kuvitaja ndivyo alivyosikika kama mtu anayeficha. Kasiva alipoondoka alimwacha amesimama na kijiko, uso ukimwaka. Kuitwa mchoyo kulimuuma kuliko angeitwa mwizi.

Siku hiyo hiyo Sahra alimwita ndani ya duka. Binti yake Hoodo angeolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na jamaa wa bwana harusi walikuwa wakija kutoka Garissa. Walishapata habari za kahawa ya asali. Sahra naye alikuwa ameijaribu jikoni mwake na kushindwa, lakini yeye hakuja na kijembe.

"Labda ni mkono wako, abaayo," alisema, akimwita dada kwa lugha ya kwao. "Basi uje na mkono wako. Ukae jikoni kwangu siku nzima, utengeneze wewe. Lakini baada ya harusi utanifundisha mpaka nijue. Usinifiche."

"Sijakuficha, Mama Hoodo. Hata mimi nataka kujua."

Na kweli alitaka. Kupata kazi ya harusi ile kulimaanisha kujulikana na familia zote za wafanyabiashara mjini, na Justus aliposikia aliacha kumenya tangawizi akaanza kuhesabu majiko ya kukodisha. Lakini kilichomsumbua Mutheu njiani, na akiosha vyombo, na hata akiwa amepiga magoti, kilikuwa swali lile: vitu ni vile vile, maneno ni yale yale, kwa nini kwake inauma mwishoni na kwa wenzake hapana?

*

Alianza kuchunguza, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Alitumia maji ya mvua badala ya maji ya mfereji, ukali ulikuwepo. Aliacha maganda ya machungwa. Ukali ulikuwepo, na hapo akajua kwamba miezi yote alikuwa akiyasifu maganda kwa kazi isiyo yao. Akaacha iliki. Akabadilisha asali, akanunua ya mama mwingine sokoni. Justus alimtazama akipanga vikombe dirishani, akamuuliza kama amefungua hospitali.

Mwisho alitengeneza mchanganyiko mmoja, akaugawa. Nusu aliimimina ndani ya sufuria na kuifunika, nusu ndani ya kibuyu, akaviweka pamoja karibu na jiko. Siku chache baadaye, asubuhi kabla ya kwenda kazini, alionja vyote viwili. Ule wa sufuria ulikuwa mtamu, mtulivu, usio na neno. Kibuyu nacho, alipokikaribia tu, gunzi alilolitumia kama kizibo liliruka lenyewe na kuanguka sakafuni.

Mutheu alicheka peke yake. Basi ni kibuyu. Furaha ya kupata jibu ilimjaa hata akasahau kuuliza jibu lenyewe ni nini. Alimimina kilichokuwemo kwenye bakuli, akachukua waya, akachokonoa chini kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Kitu kilikwama, kikanyumbuka, kikatoka: kipande cha nyuzinyuzi, kilicholowa, rangi ya majani makavu, kama kipande cha dodoki kuukuu. Alikinusa, akaketi.

Hakuna Mkamba asiyejua harufu ile, hata aliyelelewa kanisani. Ilikuwa mwatine, lile tunda wazee wanalolikausha na kulitia ndani ya maji ya asali ili yachachuke yawe kaluvu, pombe ya kulipia mahari na kumimina kwa wazee. Mwatine haumalizi kazi kwa kutumika mara moja. Ukikauka unalala, ukipata asali na joto unaamka. Huu ulikuwa umelala chini ya kibuyu tangu siku za mzee, na Mutheu ndiye aliyeuamsha, akaulisha kila wiki, akaulaza karibu na moto.

Justus aliingia akitafuta kofia. Aliuona ule mwatine juu ya meza, kisha akautazama mlango.

"Kibuyu hiki kilikuwa cha kaluvu?" mkewe aliuliza.

"Mzee alikuwa akiwawekea wenzake humo."

"Na ulijua."

"Nilikiosha, Mama Carol. Nilikiosha na mchanga, na maji moto. Sikujua kuna kitu kimebaki."

"Na tangu kilichomo kiwe kikali, kila asubuhi unaonja. Unasema unaangalia kama kimeharibika."

Justus alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa. "Mimi nimeokoka," alisema polepole. "Lakini ulimi unakumbuka mambo yake."

Hawakugombana kwa sauti. Justus alikuwa na hoja, na hakuwa mjinga. Kijiko kimoja ndani ya kikombe cha moto hakiwezi kumlevya hata kuku, na hakuna mtu aliyewahi kutoka pale akiyumba. Yaliyopita yamepita. Kibuyu kitupwe, inunuliwe chupa ya kioo, na Ijumaa wageni wanywe kitu safi kabisa. Nani ataumia?

"Na wakiuliza mbona ladha imebadilika?"

"Sema maua yamebadilika. Si kweli nyuki wakihamia mti mwingine asali inabadilika?"

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtesa Mutheu, kwamba uongo wenyewe ulikuwa karibu sana na ukweli, na ulikuwa mzuri, na kila mtu angeuamini. Akisema ukweli, kwanza angewaambia Waislamu wanaomcha Mungu kwamba amekuwa akiwanywesha kileo, tena mlangoni kwao. Wangemfukuza, na haki wangekuwa nayo. Baraza lingeenda, harusi ingeenda, na kilichobaki kumlisha Carol kingekuwa nini?

Aliomba kando ya gunia la makaa, kwa maneno machache, maana hakuwa na mengi. Hakusikia sauti, wala hakuonyeshwa kitu. Alipoinuka alikuwa na hofu ile ile aliyopigia magoti. Ila swali la Kasiva lilimrudia, na safari hii halikumuuma kama tusi. Juzi alikuwa hajui, kwa hiyo hakuficha. Leo anajua. Kikombe chochote atakachompa mtu kuanzia leo, akivitaja vilivyomo na kuacha kimoja, atakuwa yule ambaye Kasiva alimsema.

*

Sahra alikuwa akipima kitambaa cha harusi Mutheu alipoingia. Alimwacha amalize, kisha akamweleza yote, kibuyu, tunda, kazi yake, na neno kaluvu akalitafsiri bila kulipamba. Sahra alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu tu."

"Basi ungenyamaza," Sahra alisema, na haikujulikana kama anamlaumu au anamshangaa. Akatoka kwenda kumwita mumewe.

Abdiwahid alisikiliza amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache hata akinunua ng'ombe, na sasa aliyapunguza zaidi.

"Tangu lini?"

"Mvua zilipokatika ndipo ilianza kuwa kali, Mzee."

"Na wageni wangu wa mwezi uliopita?"

"Nao pia."

"Na imamu?"

"Imamu anakunywa Karani."

Abdiwahid alishusha pumzi, kisha akajikuta hajui afanye nini na uso wake. Aligeuka, akatazama nje kwenye mabenchi, ambako wenzake walikuwa wakimsubiri, vikombe vikiwa bado havijaletwa. Alisema hatamtukana, kwa sababu amekuja mwenyewe. Alisema pia mabenchi yaondolewe, na atakwenda kuuliza kwa wanaojua.

Justus aliyabeba mabenchi kichwani, moja moja, akivuka soko mchana watu wakiona. Kila aliyemjua alitaka kujua Bwana Tangawizi na mkewe wamehamia wapi, na yeye alijibu kwamba wanafanya usafi. Nyumbani aliyapanga ukutani, akaketi juu ya moja. Hakumwambia mkewe kwamba alimwonya. Alisema tu kwamba benchi la tatu lina mguu mmoja mbovu, hakuwa amegundua.

Jioni hiyo Mutheu alikwenda kwa Kasiva. Alidhani kwamba huko mzigo utakuwa mwepesi, kwa kuwa sasa alikuwa na jibu la swali aliloulizwa hadharani. Kasiva aliposikia alijishika shavu.

"Mchungaji alikunywa kwako," alisema. "Mimi ndiye nilimleta. Akaongezewa."

"Nakumbuka."

"Na sasa umeniambia. Mimi nifanye nini na hilo neno, Mutheu? Ungenyamaza mimi nikaendelea kukuona mchoyo. Hiyo ningeweza."

Hata hivyo alilipeleka kwa wazee wa kanisa, kwa sababu hakuweza kulala nalo. Wazee walikaa, wakamwita Mutheu, wakamuuliza mambo mengi ambayo alikuwa ameshayasema, na mmoja alitaka hasa kujua ladha ilikuwaje. Uamuzi ulikuwa kwamba apumzike kidogo kupika chai ya waumini baada ya ibada. Jumapili alikaa kiti cha nyuma, akawasikia wenzake wakigonganisha vikombe jikoni bila yeye, na kila kikombe kilichogongana alikisikia kifuani.

*

Alhamisi, Justus akiwa anapigilia misumari mguu wa benchi, Sahra alikuja mwenyewe hadi nyumbani kwao nyuma ya soko. Alikataa kuketi ndani, akaketi juu ya benchi lile lile.

Alisema mumewe ameuliza. Ameambiwa kwamba asichokijua mtu hakiandikwi juu yake, lakini tangu alipojua, kinaandikwa. Vikombe vimeoshwa. Hasira imepungua, ingawa hajasema neno juu ya baraza, na yeye Sahra hatamharakisha. Lakini kesho ni harusi, na wageni wameshafika, na shangazi za bwana harusi kutoka Garissa wamekuwa wakiuliza mama wa kahawa yuko wapi.

"Umewaambia?" Mutheu aliuliza.

"Nimewaambia yote. Sasa ndiyo wanataka kukuona zaidi. Uje alfajiri. Usibebe kitu. Hata kijiko."

Alikwenda mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Jiko la Sahra lilikuwa limejaa wanawake, na wote waliitazama mikono yake alipoingia. Shangazi mkubwa, mwenye hina mpaka viwiko, alimwonyesha birika, maji, asali iliyonunuliwa jana, na akavuta kigoda akaketi pale ambapo angeweza kuona vidole vyake vizuri. Mutheu alianza. Kila alichokishika alikitaja, na shangazi alikitafsiri kwa wengine, na wengine wakakijadili. Kahawa ilipoiva waliionja. Ilikuwa tamu, tulivu, isiyo na neno.

"Ndiyo hii?" shangazi aliuliza, akijaribu kuwa mpole.

"Hii ni bila lile jambo."

"Lile jambo lilikuwaje? Tuambie tu. Kusema si kunywa."

Mutheu alifumba macho na kutafuta maneno. Alisema lilikuwa chachu kidogo, lakini si chachu ya ndimu, maana ndimu hutangulia. Hili lilichelewa. Sahra akasema anakumbuka, lilikuja ukishameza. Hapo wanawake wakasahau kumchunga. Mmoja alitaka wajaribu karafuu, wakajaribu, ikanuka kama dawa ya meno. Mwingine akaleta ndimu iliyokaushwa juani. Ilikuwa karibu, lakini ikaacha uchungu. Vikombe vilijaa mezani, sukari ikamwagika, na bibi harusi mwenyewe alichungulia, nywele zikiwa zimesukwa nusu, kuuliza kuna nini.

Mutheu aliomba ukwaju. Ulipoletwa kutoka sokoni aliuroweka kidogo tu, akauchuja, akauchanganya na asali, akatia kijiko kimoja kwenye kahawa, na mwishoni kipande cha tangawizi iliyochomwa juu ya makaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla ya asubuhi ile. Shangazi mkubwa alionja. Alimeza, akasubiri, na wote wakasubiri naye. Kisha akanyoosha kidole juu, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.

"Imekuja," alisema.

Abdiwahid alifika mpaka kizingiti cha jiko akiwa na kanzu mpya. Hakumsalimia Mutheu kwa jina, lakini alimsalimia. Alipewa kikombe, akakishika bila kukiinua.

"Ndani kuna nini, mama?"

Alimtajia. Aliuliza maji ni ya wapi. Ya mfereji wake. Aliuliza asali imelala ndani ya nini. Haijalala popote, imefunguliwa leo mbele ya shangazi. Aliuliza tangawizi imechomwa na nani, na hapo shangazi mkubwa akamwambia kwa lugha yao kitu kilichowachekesha wanawake wote, na Abdiwahid akaacha kuuliza. Alikunywa. Alikunywa tena, polepole, macho yake kwenye ukuta. Alisema mabenchi yanaweza kurudi Jumatatu, ila kila kitu kitengenezwe pale mlangoni Sahra anapoona, na Mutheu akaitikia kwa kichwa.

Abdiwahid alimaliza kikombe, akakitazama ndani.

"Ile ya zamani ilikuwa na..." alianza.

Jiko lote liligeuka. Mkewe alikuwa akimtazama, na wale shangazi, na bibi harusi mlangoni.

"Ilikuwa na nini?" Sahra aliuliza.

"Hakuna," Abdiwahid alisema, akanyoosha kikombe. "Niongezee."